Khati za zamani na hewa ya Tanga: kulaminisha, plastiki, polyesta au folda ya karatasi?

Mwana_Ngamiani

Wadau, habari za jioni. Naomba tulinganishe njia za kuhifadhi khati za zamani hapa kwetu Tanga. Zilizopo ni karatasi 43. Kumi na tisa ni barua na hati za mauzo ya minazi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tarehe za Hijria kuanzia 1298 hadi 1331. Kumi na moja ni za Mdachi, nusu chapa nusu mwandiko, zina sahihi na mhuri wa Bezirksamt Tanga, yaani ofisi ya wilaya ya Mdachi. Kumi na tatu zilizobaki ni stakabadhi na barua za enzi ya Mwingereza, chache kati yake zimeandikwa kwa ile kalamu ya risasi ya zambarau.

Njia zinazotajwa mjini ni tano: kulaminisha steshenari, mifuko laini ya plastiki ya kwenye faili, folda za karatasi ndani ya boksi, mifuko ya polyesta (plastiki angavu isiyo na mafuta ya kulainisha) ya kuagiza Dar, na fremu ya kioo ukutani. Naomba sababu, siyo jina la njia peke yake.

Fundi_Majalada

Ya kwanza ifute kabisa. Mashine ya kulaminisha hupasha karatasi joto la zaidi ya nyuzi 100, na gundi ikiyeyuka inaingia ndani ya nyuzi za karatasi. Hapo maji yameshamwagika, hayazoleki. Hakuna fundi wa kuitoa plastiki ile bila kung'oa maandishi. Tena tindikali iliyokuwa ndani ya karatasi unaifungia humo humo iendelee kula. Karatasi ya miaka ya 1890 iliyotengenezwa kwa massa ya mbao ikilaminishwa hugeuka kahawia na kukatika vipande ndani ya ganda lake, nawe unaitazama tu.

Ya pili, ile mifuko laini yenye harufu kama ya shuka jipya la plastiki, mara nyingi ni PVC. Ina mafuta ya kuilainisha, na kwenye joto mafuta hayo hutoka, yakanata kwenye wino na kuubandua. PVC ikichakaa hutoa tindikali ya haidrokloriki. Kuitambua ni rahisi. Chukua waya wa shaba, ushike kwa koleo, uchome kwenye moto wa gesi mpaka uache kutoa rangi. Ungali wa moto, ugusishe kwenye kipande cha mfuko ili plastiki kidogo inate, kisha urudishe motoni. Moto ukiwa wa kijani kibichi, hiyo ni PVC. Fanya nje penye upepo, moshi wake ni sumu. Kama chombo kina alama ya pembetatu, namba 3 ndani yake ni PVC, namba 5 ni polipropilini, ambayo haina tatizo hilo.

Bi_Raskazone

Naungana na Fundi. Ila ndugu Mwana_Ngamiani, swali lako limekaa kama kwamba njia moja itafaa zote 43. Haitafaa. Anza na wino, ndipo uchague kifuko.

Khati za herufi za Kiarabu mara nyingi ni wino wa masizi, uliochanganywa na gundi ya mti. Shika karatasi mlalo karibu na dirisha, mwanga upite ubavuni. Wino wa masizi unabaki mweusi tii, umekaa juu ya karatasi, penye mkono mzito unang'aa kidogo na unaweza kuona vijiufa. Hauli karatasi, wala jua haliufifishi. Udhaifu wake ni mbili: maji huuyeyusha, na ukishakauka sana hubanduka vigamba vigamba. Polyesta ina umeme tuli. Ukiutelezesha mfuko juu ya khati ya namna hii, vigamba vinapanda kwenye plastiki. Kwa hiyo khati hizi ni za folda ya karatasi, hata kama una fedha ya polyesta.

Wino wa chuma ndio waliokuwa nao makarani wa Mdachi na wa Mwingereza. Uliandikwa ukiwa mweusi, sasa umekuwa kahawia. Geuza karatasi: maandishi yakionekana mgongoni, au pembeni mwa mistari pana kivuli cha manjano, huo ndio wenyewe. Ndani yake mna tindikali na chumvi ya chuma, na unyevu huiamsha. Kinapoanza kukatika ni kitanzi cha sahihi, kwa sababu pale wino ulirundikana. Hii haitaki kufungiwa pande zote.

Ya zambarau ni rangi ya kemikali. Tone moja la maji na herufi zinalipuka zambarau kali, zinasambaa. Jua nalo linaifuta.

Tafadhali usijaribu wino kwa mate wala kwa pamba yenye maji. Tafuta doa la zamani ambalo tayari lipo kwenye karatasi, uone kama wino ulitembea pale. Kama kuna kamera ya ulinzi inayoona gizani, weka karatasi mbele yake taa zikiwa zimezimwa: wino wa masizi unabaki mweusi vile vile, wa chuma unapauka, wa zambarau karibu unapotea.

Mwana_Ngamiani

Ahsante sana dada, hilo la kamera ni zuri. Je, folda ya karatasi ya kawaida inatosha? Steshenari wana bahasha za kaki na mafaili ya manila.

Fundi_Majalada

Kaki hapana, manila ya bei rahisi hapana, gazeti hapana kabisa. Zina tindikali, na baada ya muda utaona mchoro wa bahasha umehamia kwenye khati. Karatasi nyeupe ya kuchapia ya A3, gramu 80, ikunjwe katikati. Siku hizi nyingi hujazwa chokaa, haziko upande wa tindikali. Ukipata kalamu ya kupimia tindikali, chora mstari kwenye pembe ya folda: ukigeuka zambarau ni sawa, ukibaki njano rudisha dukani. Kalamu hiyo isiguse khati yenyewe.

Folda moja, khati moja. Andika namba kwenye folda kwa kalamu ya risasi ya 2B kabla ya kuweka kitu ndani. Usiandike juu ya folda ikiwa na khati, maana shinikizo la mkono hupita na kuacha mfereji.

Polyesta ninayoikubali ni ya mikroni 75, iliyofungwa pande mbili tu kama herufi L. Weka humo stakabadhi za Mwingereza zinazopasuka kwenye mikunjo na kushikwashikwa kila mara, kama wino wake siyo wa kubanduka. Gharama yake haina maana kwa kitu kinacholala boksini.

Mwambao_Bgm

Hamjambo kutoka Bagamoyo. Kifuko kizuri ndani ya hewa mbaya hakisaidii. Ukungu huanza kuota unyevu ukikaa juu ya asilimia 65, na huku mwambao asubuhi nyingi tunavuka 80. Lengo liwe 45 hadi 55. Ukishuka chini ya 30 karatasi inakuwa kama kaukau, inakatika kwenye mkunjo.

Kipimaunyevu cha dukani husema uongo wa asilimia 5 au zaidi. Kipime kwa chumvi. Jaza kifuniko cha chupa ya soda kwa chumvi, dondoshea maji mpaka iwe uji mzito kama mchanga wa ufukweni uliolowa, isiyeyuke. Weka kifuniko na kipimo ndani ya kopo la kioo, funga, acha saa 8 hadi 12 mahali ambapo joto halibadiliki. Humo ndani hewa itakuwa na unyevu wa asilimia 75. Kipimo kikisoma 81, ujue kila utakachosoma baadaye utoe 6.

Boksi ninalopendekeza ni la polipropilini lenye mfuniko wa kubana, la lita 20, na jeli ya silika (zile punje za kunyonya unyevu) gramu 200 kwa kuanzia, ndani ya kifuko cha kitambaa, isiguse karatasi. Iliyo rangi ya chungwa ikigeuka kijani, ioke nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, uirudishe. Masika itakushinda kama boksi linafunguliwa kila siku. Fungua mara chache, asubuhi ya kaskazi kavu ukiipata.

Sanduku la bati bila jeli ni hatari. Usiku bati linapoa, mvuke unaganda kwa ndani, na khati ya juu inaloa. Sanduku la mbao nalo hutoa mvuke wa tindikali, hasa likiwa jipya. Kama ndilo lililopo, zifunge folda kwa kitambaa cha marekani kilichochemshwa mara mbili bila sabuni ya manukato, wanga utoke wote, kwa sababu wanga ndio chakula cha wadudu. Na lisiegemee ukuta. Hizi nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka chini. Acha sentimita 15 ukutani na 20 sakafuni.

Mjukuu_wa_Karani

Shikamooni wakubwa. Hamjagusa fremu. Na wadudu je? Bibi zetu wanaweka mwarobaini na karafuu, wengine vidonge vya nafthalini.

Bi_Raskazone

Marahaba. Fremu tundika nakala. Picha nzuri ya khati, ikichapwa kwa ukubwa wake, ukutani inafanya kazi ile ile, na yenyewe inalala gizani. Kioo kikigusa karatasi, unyevu wa masika huwagandisha pamoja, na siku ya kuitoa wino unabaki kwenye kioo.

Mwarobaini na karafuu havifikii mayai. Majani yanashika unyevu, na mafuta ya karafuu huacha doa la kahawia. Nafthalini ni mbaya kwa mapafu ya anayefungua boksi na huyeyusha baadhi ya plastiki. Friza inafanya kazi. Funga folda ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyobanwa, hewa ikiwa imetolewa, iweke kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika mpaka ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukiitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo umande utaangukia kwenye karatasi badala ya nje ya mfuko.

Ukungu ukishaota, usianike juani. Weka kivulini penye upepo mpaka vumbi lake likauke na kuacha kupakaza, kisha piga mswaki laini kuelekea nje, ukiwa umevaa barakoa.

Mzee_Chumbageni

Kabla ya kununua hata folda moja, hakiki zipi ni za kweli. Hijria zidisha kwa 0.97, ongeza 622. 1298 inakupa 1881, 1331 inakupa 1913. Sasa soma fedha zilizotajwa. Mdachi alianza na rupia ya pesa 64. Heller, yaani senti za Mdachi, 100 kwa rupia zilikuja 1904 na 1905. Hati ya 1315, yaani 1897, inayodai heller ina kasoro. Mhuri wa Mdachi wa Tanga wenye tarehe ya baada ya Julai 1916 nao una kasoro, kwa kuwa mwezi huo Mwingereza alikwishaingia mjini. Shilingi ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Chukua tochi ya kukagulia noti, zima taa, mulika karatasi. Ikiwaka buluu nyeupe kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, karatasi hiyo ni ya baada ya mwaka 1950 hivi. Ya kale inabaki njano hafifu au kahawia.

Kwenye kusoma, msikimbilie kutafsiri. Khati za kale haziandiki p wala v peke yake: alama ya b inaweza kuwa b, p au mb, na f hubeba v. Jina la mtu au la kiambo lithibitishwe kwa hati nyingine. Barua ya kweli kwa kawaida hufungua kwa "Ila jenabi", ikafuata salamu ndefu, kisha "wa baada", ndipo haja. Mwandiko wa Mdachi nao una mtego wake: e yao ni kama n, na u wameiwekea kijiupinde juu ili isichanganywe.

Jambo la sheria. Karatasi aliyopewa mtu, kama stakabadhi au hati yake ya shamba, ni tofauti na ukurasa uliochomolewa kwenye faili la ofisi. Ukiona namba ya jalada na tundu za kufungia, usinunue. Wapelekee habari Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Na kitu cha kale hakitoki nje ya nchi bila kibali, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo.

Mwana_Ngamiani

Shikamoo mzee, nimeelewa. Basi mgawanyo ni huu: 19 za masizi na 11 za Mdachi kwenye folda za A3, za zambarau folda na giza, stakabadhi zinazopasuka ziende polyesta. Boksi mbili za lita 20, jeli na kipimo. Kabla ya yote nitapiga picha mbele na nyuma, rula ikiwa pembeni. Kuna hati mbili za 1309 zimeshikwa kwa pini zilizoota kutu, na kutu imegandana na karatasi. Nizivute?

Fundi_Majalada

Usivute. Kata vipande viwili vya polyesta, upana wa kidole. Kimoja kipenyeze kati ya pini na karatasi upande wa mbele, kingine upande wa nyuma, polepole, ukikichezesha kushoto na kulia mpaka kutu iachie. Karatasi ikiwa imelala juu ya meza, kata pini katikati kwa koleo dogo la kukatia waya, kisha toa kila nusu kwa upande wake. Nusu yenye kichwa itoke kwa kichwa. Unga wa kutu utakaobaki ufagie kwa brashi kavu, na matundu yaache kama yalivyo. Usiyazibe kwa selotepu.