Mkeka wa kulalia: foamu au wa kujaza hewa?

Mtembezi_Rongai: Wadau, natafuta mkeka mmoja tu. Mwezi huu Magadi, Disemba Mlima Kenya, kambi ya Mackinder.

Kijiti: Mackinder ni mita 4,200 hivi, usiku maji huganda chupani. Soma alama ya R kwenye lebo, yaani kipimo cha mkeka kuzuia baridi ya ardhi; ikiwa kubwa, unazuia zaidi. Chukua 4 kwenda juu. Uzito wako hubana begi la kulalia, kwa hiyo chini ya mgongo halizuii baridi ya ardhi. Foamu pekee ni kama R 2. Uzuri ni kwamba R hujumlishwa: foamu chini, wa hewa juu.

Magadi beba foamu tu. Mwiba wa mgunga hupenya hata sakafu ya hema.

MamaHema: Naongeza: wa hewa usiujaze kwa mdomo, unyevu wa pumzi hubaki ndani ukaota ukungu. Hewa ikipoa hupungua, kwa hiyo ongeza kidogo kabla ya kulala. Si lazima unavuja. Ukivuja kweli, paka maji ya sabuni utafute mapovu, kausha, futa kwa spiriti, ndipo ubandike kiraka. Kwenye unyevu hakishiki, hata ukikalie.

Mtembezi_Rongai: Shukrani. Foamu kwanza basi.