Mnaotengeneza programu za boda Kisumu, nani aliwaambia mtandao haukatiki?

Wadau, nimekasirika na sitaficha. Kuna programu ya kuagizia boda hapa Kisumu, jina naliacha, ambayo wanabodaboda wa Kibuye wameilalamikia tangu ianze. Kila wakipiga simu ofisini wanajibiwa, "Simu yako ni mbovu, nunua nyingine." Nimekaa nikaangalia jinsi programu inavyozungumza na seva, yaani kompyuta kuu inayopokea na kugawa oda. Simu hazina kosa. Kosa ni la waliobuni mfumo.

Toleo la kwanza lilikuwa linauliza seva kila sekunde 3: kuna oda? Kwa siku ya kazi ya saa 12 hayo ni maswali 14,400, na karibu yote yanajibiwa "hakuna". Hata kila swali na jibu lake vikibeba kilobaiti 1 tu ya maelezo ya utangulizi ya HTTP (lugha ambayo programu na seva huongea mtandaoni), hizo ni megabaiti 14 za bando zilizoteketea bure. Halafu redio ya simu, ile sehemu inayowasiliana na mnara wa mtandao, haipumziki mara tu ujumbe ukiisha, inabaki macho sekunde kadhaa ikingoja mwingine. Ukiisumbua kila sekunde 3 hailali kamwe. Ndiyo maana jamaa wanaishiwa chaji saa nane mchana, na simu ikizima hakuna oda, hakuna pesa ya jioni.

Tulipopiga kelele wakaleta websoketi, yaani muunganisho unaobaki wazi ili seva itume oda yenyewe bila kuulizwa. Sawa, websoketi ni teknolojia nzuri, ina kiwango rasmi tangu 2011, na ujumbe mfupi kutoka seva unaongezewa baiti 2 tu za utangulizi. Lakini walifungua muunganisho wakadhani kazi imekwisha! Mtandao ukikatika kati ya Kondele na Mamboleo, oda zilizoingia wakati huo zimepotea. Seva inatangazia walio hewani kisha inasahau. (Nyinyi mnaotegemea pub/sub ya Redis peke yake, yaani njia ya programu ya Redis ya kutangaza ujumbe kwa wanaosikiliza, mjue hivyo ndivyo inavyofanya kazi: ambaye hakuwepo hapati.)

Na dawa inajulikana. Hifadhi kila tukio kwenye hifadhidata kwanza, ulipatie namba inayopanda, ndipo utangaze. Simu ikirudi hewani iseme, "mwisho nilipata 812," seva iiletee 813 na kuendelea. Hata EventSource, zana ya kivinjari ya kupokea matukio kutoka seva, ikiunganika tena, hutuma yenyewe kitambulisho cha tukio la mwisho ililopokea, mradi seva iwe inayapa matukio vitambulisho. Nyinyi mlishindwa nini?

Kinachoniuma zaidi ni oda kujirudia. Mama mmoja wa Dunga aliagiza boda ampelekee samaki aina ya ngege hotelini. Mtandao ukasuasua, programu ikatuma ombi mara ya pili, seva ikaandika oda mbili. Wakafika vijana wawili, wakagombana mbele ya mteja, na mmoja akarudi Kibuye mikono mitupu, mafuta yameungua. Nani atamlipa? Simu ingelipatia ombi kitambulisho kabla ya kulituma, na kurudia kilekile kila inapojaribu tena, seva ingetambua ni oda ileile. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja.

Halafu mnashangaa kwa nini "hawajibu oda" simu ikiwa mfukoni. Tangu Android 6 ya 2015 simu iliyotulia, skrini imezimwa, hubana mtandao wa programu zilizo nyuma, na Android 7 ikaongeza ubanaji huo hata simu ikiwa inatembea na mtu. Websoketi yenu haitasalimika humo. Tumeni arifa ya kipaumbele kupitia Firebase (huduma ya Google ya kutuma arifa) iamshe simu, kisha programu iulize seva hali halisi. Arifa isibebe ukweli wote, kwa sababu nayo inaweza kuchelewa.

Na seva ikizimwa na kuwashwa, simu zote zinarudi sekunde ileile na kuiangusha tena. Ziambieni zisubiri muda wa kubahatisha, unaorefuka kila zikishindwa.

Kwa hiyo naomba mmoja wenu atoke kwenye waifai ya ofisi. Achukue simu ya bei ya chini kama zile za stejini, apande boda kutoka Kibuye hadi Dunga, azime data njiani huku mwenzake akituma oda, aiwashe akifika. Andikeni hapa hapa ni oda ngapi zilitumwa, ngapi zilifika na ngapi zilifika mara mbili. Kabla ya hapo msimwambie mtu yeyote anunue simu nyingine.