Kuku wamegoma kulala bandani, wanapanda kwenye mawe. Nifanyeje?

MamaWawili_Buswelu
Wakuu, mwangaluka. Naombeni msaada, mwenzenu nimechoka.

Nina kuku chotara 23 (walikuwa 25), wana wiki ya tisa. Niliwalea kwenye stoo pembeni ya jiko tangu wakiwa vifaranga wa siku moja. Juzi fundi kamaliza banda nyuma ya nyumba, nikawahamishia asubuhi, nikajua jioni wataingia wenyewe. Thubutu! Ikifika saa 12 na nusu, nusu yao wanarundikana mlangoni pa stoo kama abiria wa feri ya mwisho Kamanga, waliobaki wanaparamia yale mawe makubwa ya nyuma (wa Mwanza mnayajua), na wawili watatu mwembeni. Kila usiku mimi na mwanangu tunawaokota mmoja mmoja kwa tochi. Alhamisi nilichelewa kurudi kutoka sokoni, asubuhi nikakuta manyoya ya wawili. Jirani anasema ni kicheche.

Natanguliza shukrani.

Mzee wa Pilau
Lete hapa Igoma, tatizo litaisha leo leo.

Mfugaji Kisesa
Achana na huyo. Dada, kosa ni kuwahamisha na kuwafungulia siku hiyo hiyo. Kwao ni stoo, banda hawalijui. Wafungie ndani wiki nzima, hata siku 10, wale na kunywa humo humo. Siku ya kuwafungulia usifungue asubuhi, fungua saa 11 jioni wakiwa na njaa kidogo, hawatafika mbali. Na chakula cha jioni wasikione popote zaidi ya bandani. Mimi nachanganya pumba na dagaa wa kusaga kidogo, halafu nagonga sufuria. Siku hizi nikigonga tu wanakuja mbio, hadi wa jirani wanakuja.

Babu_Ukerewe
Kuku jua likizama haoni vizuri, anafuata penye mwanga. Mama, taa ya nje ya jikoni unawasha saa ngapi? Na banda lako ndani likoje?

MamaWawili_Buswelu
Shikamoo Babu. Taa ya jikoni nawasha saa 12 kwa sababu ya vibaka. Banda fundi kaziba mabanzi pande tatu, kwa hiyo jioni ndani ni kiza hasa.

Babu_Ukerewe
Marahaba. Hapo wewe ungelala wapi? Izime hiyo ya jikoni mpaka waingie. Bandani tundika kataa kadogo ka sola, wakishapanda kwenye fito na kutulia, uzime.

Tetea Mweusi
Kabla hujafungia mtu wiki nzima, nijibu: fito za kulalia ni mpya?

MamaWawili_Buswelu
Hapana, fundi alizitoa kwenye banda la zamani la mtu, akasema mbao bado nzima.

Tetea Mweusi
Hapo simama kwanza, usifunge. Usiku wa leo, kiza kikishaingia, chukua kitambaa cheupe usugue chini ya fito na kwenye maungio. Kikitoka na alama nyekundu, ujue ni utitiri. Mchana unajificha kwenye nyufa, humuoni hata mmoja, usiku unatoka kunyonya damu. Mimi niliwahi kulaumu kuku mwezi mzima kwamba ni wakaidi, kumbe walikuwa wanakimbia kuliwa.

MamaWawili_Buswelu
Jamani. Saa 4 usiku hii nimetoka huko. Nimetumia kipande cha shuka kuukuu, kimejaa michirizi myekundu, na vidoa vingine VINATEMBEA. Mwanangu anajikuna hadi kwenye nywele. Nifanyeje?

Tetea Mweusi
Pole. Fito hizo choma moto, usimpe mtu. Toa maranda yote. Nyufa mwagia maji yanayochemka, banda likikauka nyunyiza dawa ya unga ya utitiri ya duka la mifugo, kwa kipimo watakachokuambia. Rudia baada ya wiki, maana mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. Fito mpya zisizidi nusu mita kutoka chini kwa sasa, kila kuku apate sentimita 20 hivi, na kona za mbao zilainishwe wasiumie nyayo. Chakula usiweke chini yake, watakinyea. Ukimaliza hayo ndiyo ufuate ya Mfugaji Kisesa.

Mfugaji Kisesa
Nakubali, hilo la fito sikuliuliza.

MamaWawili_Buswelu
MREJESHO, wiki tatu baadaye. Fito nilichoma, fundi nilimrudisha akatoboa dirisha la wavu upande wa ziwani, sasa upepo unapita. Dawa nimepiga mara mbili. Nikawafungia siku 8 (kelele zake msiniulize). Siku ya kwanza nimefungua saa 11, saa 12 na nusu nikagonga sufuria, wakaingia 14. Wale tisa tuliwabeba. Kesho yake tukabeba watano. Jana 22 wameingia wenyewe, nimesimama pale na tochi sina kazi.

Amebaki jogoo mmoja mwekundu, huyo bado anapanda jiwe lake kila jioni na lazima abebwe. Akishafika bandani anasukuma wenzake, anakaa katikati.

Mzee wa Pilau
Huyo mmoja basi?