Kilomita 640 za jangwa bila kituo cha mafuta: tujiandaeje?

Mpitanjia
Wakuu, habari za humu. Tunapanga kuvuka jangwa watu wanne, gari moja la dizeli linaloendesha magurudumu yote manne, tangi lita 80. Kutoka kituo cha mwisho cha mafuta hadi kinachofuata ni kilomita 640, siku tatu, na karibu nusu ya njia ni mchanga. Kwenye lami gari linakula lita 12 kwa kilomita 100. Tubebe maji na mafuta kiasi gani, na upepo wa tairi ushushwe hadi wapi? Nafikiria madumu yote yapande kwenye keria ili ndani tukae kwa nafasi.

HesabuKwanza
Mkuu, keria iachie mahema na magodoro. Keria nyingi hazitakiwi kubeba zaidi ya kilo 75 hadi 100 gari likitembea. Kikomo cha gari lako kimo kwenye kitabu chake. Ukiweka kilo 200 huko juu, mteremko wa ubavuni mwa tuta la mchanga unatosha kulilaza gari.

Maji: kwenye joto kali, mtu anayechimba mchanga na kubadili tairi usimhesabie chini ya lita 8 kwa siku, kunywa na kupika pamoja. Watu wanne kwa siku tatu ni lita 96. Ongeza siku mbili za kukwama, lita 64. Jumla 160, yaani madumu manane ya lita 20. Msitumie tangi moja kubwa: dumu likipasuka umepoteza sehemu ya nane, tangi likipasuka umepoteza yote. Yapangeni sakafuni, nyuma ya kiti cha abiria, yafungwe kwa mikanda.

Mafuta: mchangani weka lita 18 kwa kilomita 100, si 12. Kilomita 320 za mchanga ni kama lita 58, na 320 za njia ngumu gari likiwa na mzigo, kwa lita 13, ni kama 42. Hapo ni lita 100. Ongeza asilimia 30 ya kupotea njia na kurudi nyuma, unafika 130. Tangi lina 80, kwa hiyo madumu matatu ya chuma ya lita 20, yasijazwe hadi mdomoni kwa sababu mafuta hutanuka kwa joto. Yakae nje ya sehemu ya abiria.

Sasa jumlisha uzito: watu kilo 300, maji 160, mafuta ya ziada na madumu yake karibu 65, chakula na vifaa 100. Tayari ni 625. Linganisha na uzito gari lako linaoruhusiwa kubeba kabla hujafikiria friji na meza.

UpepoMdogo
Kuhusu tairi. Kosa kubwa ni kushusha upepo baada ya kukwama. Ushushwe kabla ya kuingia mchangani. Kama kwenye lami unatumia psi 36 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), kwenye changarawe weka 26 hadi 28, mchanga laini 18. Ukikwama kabisa shuka hadi 15. Tairi lenye upepo mdogo hurefuka pale linapokanyaga, kama unyayo wa ngamia, na uzito unasambaa badala ya kuchimba.

Kwa psi 18 usizidi kilomita 40 kwa saa. Kwa 15, usizidi 20 na usikate kona ghafla, maana tairi litachomoka kwenye rimu. Ukirudi kwenye ardhi ngumu jaza upepo kabla ya kuongeza mwendo. Tairi laini likikimbia, ubavu wake unajikunja kila mzunguko, unapata joto na kupasuka.

Pima asubuhi kabla jua halijapiga tairi. Pima tena baada ya saa moja ya mwendo. Kama upepo umepanda zaidi ya psi 6 kuliko asubuhi, tairi linapata joto kupita kiasi: punguza mwendo au mzigo, kisha likipoa uongeze upepo. Usitoe upepo tairi likiwa la moto, utazidisha tatizo lenyewe.

Kompresa, yaani pampu ya umeme ya kujaza upepo, iunganishwe kwa vibanio moja kwa moja kwenye betri, injini ikiwaka. Ile ya tundu la kiberiti huunguza fyuzi. Spea ziwe mbili. Vijiti vya kuziba pancha vinafaa tundu la msumari kwenye kashata za tairi (sehemu inayokanyaga njia), si ubavu uliochanwa na jiwe.

Mpitanjia
Asanteni sana. Tukishakwama, utaratibu ni upi? Na maji yakipungua tuyagawe kwa vikombe?

UpepoMdogo
Gurudumu likianza kuzunguka bila gari kusogea, toa mguu papo hapo. Sekunde chache za kulazimisha zinashusha gari hadi difu (kibuyu cha gia katikati ya ekseli) ikae juu ya mchanga, na hapo magurudumu yanabaki kuning'inia. Lala chini uangalie. Kama difu au chesisi (fremu ya gari) imegusa, chimba hapo kwanza, kisha mbele na nyuma ya kila gurudumu. Nyoosha usukani, shusha upepo, ondoka kwa kurudi nyuma juu ya alama zako mwenyewe, maana huko mchanga umeshashindiliwa. Jeki inahitaji ubao mnene wa sentimita 30 kwa 30 chini yake, la sivyo yenyewe ndiyo itazama.

Mkivutwa na gari jingine, kamba isifungwe kamwe kwenye kile kichwa cha chuma cha mviringo cha kuvutia trela. Kichwa hicho hukatika na kuruka kama risasi, na kimeshaua watu.

FundiRejeta
Nijibu la maji: kunyweni mkisikia kiu, msibanie. Maji yaliyo kwenye dumu hayamsaidii mtu anayezimia. Kinachopunguzwa ni jasho: kaeni kivulini mchana, kazi za nguvu ziwe alfajiri au jioni. Mtu akianza kuchanganyikiwa na ngozi ina joto kali, hilo ni joto lililomzidi. Mloweshe mwili mzima na kumpepea mara moja, na asinyweshwe kama hana fahamu.

Kwa gari, bonyeza mipira ya rejeta injini ikiwa baridi. Ukihisi ulaini wa kudidimia au mlio wa mikwaruzo ndani, badilisha. Beba mpira wa juu na wa chini, mkanda wa feni, fyuzi na filta ya hewa. Filta ikijaa vumbi ikung'ute, usiipulize kwa upepo kutoka nje, utasukuma vumbi ndani. Njia yenye mikunjo kama bati hulegeza nati: kaza magurudumu na keria kila baada ya kilomita 100, na ushike betri uone kama inacheza.

HesabuKwanza
Nyongeza moja, na kwa gari moja ndiyo nzito kuliko zote. Simu haitakuwa na mtandao, chukueni kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe. Mwachieni mtu anayeaminika njia yenu, namba na rangi ya gari, idadi ya watu, na saa kamili ambayo akiwa hajasikia kwenu ataita waokoaji. Bila saa hiyo atasubiri akidhani mmechelewa tu. Gari likiharibika msiliache: kutoka angani gari huonekana mapema kuliko mtu anayetembea. Fungueni boneti, tandazeni turubai la rangi kali, usiku mwasheni mioto mitatu kwa pembetatu.