Mrejesho: Chenji ya kuuzia vyombo nimeipata

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza nitapata wapi chenji, maana nauza vitu vya ndani kabla ya kuhama Nyegezi. Benki nilikuta foleni ndefu, nikaondoka. Aliyeniambia niwafuate makonda wa daladala jioni, Mungu ambariki. Konda mmoja pale stendi alinihesabia 30,000 kiganjani, noti za 1,000 zilizochakaa na sarafu za 500 zikiwa bado na joto la mfuko wake. Jumamosi mteja wa kwanza, mama muuza dagaa, alichukua sufuria ya 3,500 akatoa noti ya 10,000. Nikamrudishia 6,500 papo hapo! Bei zenye mia mbili mbili nilizifuta, zote zikaishia 500 au elfu kamili. Hilo nalo limenisaidia sana. Limebaki kabati tu.