Tupeane uzoefu: mliowahi kupanda Mungomi, mlima wa michoro Kolo, Kondoa

Mpita Njia

Wakuu, salaam. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe 2018, watu tunapita Kolo kama tunafukuzwa. Zamani barabara ilikuwa mbovu, unasimama Kolo utake usitake, unakunywa chai, unauliza kile kibao cha michoro ya mapangoni kinaelekea wapi. Siku hizi ukija kukiona kibao, gari limeshakipita.

Kwa asiyefahamu: Kolo iko kaskazini ya mji wa Kondoa, kilomita 20 na ushee. Milima ile iko ukingoni mwa Bonde la Ufa, na ina zaidi ya mapango na majabali 150 yaliyochorwa. Eneo lote liliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Unalipia na kupewa kiongozi pale ofisi ya Mambo ya Kale kijijini Kolo, kisha ndiyo unaelekea milimani. Mungomi ndiyo sehemu inayotembelewa zaidi.

Mimi kusema kweli nilivutiwa na njia kabla ya michoro. Unaacha gari chini, unapanda ndani ya msitu, njia ni mwinamo mkali na miti imeshonana. Halafu unatokea kwenye jabali, ukigeuka unaona tambarare inaelekea Umasaini mpaka jicho linachoka. Nilifika nahema, nikatazama ukuta, nikaona wekundu wekundu tu. Kiongozi akaniambia nikae kwanza, nipumzike, macho yazoee. Akatokea twiga. Kisha mtu mrefu mwembamba mwenye kichwa kikubwa ajabu. Kisha nikagundua ukuta mzima umejaa, picha juu ya picha.

Karibuni mseme yenu. Aliyepanda, aliyezaliwa huko, aliyepeleka wanafunzi, hata aliyeishia Kolo akarudi.

Mzee wa Haubi

Wanangu, mnausifia msitu. Nimesoma nikacheka peke yangu, maana nilipokuwa shule ya msingi msitu huo haukuwepo.

Milima ya Irangi ilikuwa imevuliwa nguo. Miti ilikatwa, ng'ombe na mbuzi walikuwa wengi kuliko majani, na mvua ikinyesha udongo mwekundu unashuka mtoni kama uji. Makorongo yalikuwa yanakula mashamba. Mtu anakwenda kulala ana shamba, akiamka ana nusu. Mwaka 1973 Serikali ikaanzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden. Wakachimba makingamaji, wakapanda miti, na bado haikutosha. Ndipo 1979 ikatoka amri: mifugo yote itoke kwenye eneo lililomomonyoka. Eneo lenyewe ni zaidi ya kilomita za mraba 1,200, kwa hiyo msifikiri ni kijiji kimoja.

Baba yangu alikuwa na zizi. Wengine waliwapeleka ng'ombe kwa ndugu waliokuwa nje ya mpaka, wengine waliuza kwa bei ya kutupa. Maziwa yakapotea nyumbani, samadi ikapotea shambani. Mahari ya kaka yangu ilicheleweshwa kwa sababu hiyo hiyo. Wazee walinung'unika sana na walikuwa na haki ya kunung'unika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo watu wakaanza kuruhusiwa ng'ombe wa maziwa wa kulishwa bandani.

Lakini ardhi ilijibu upesi. Majani yakarudi, visiki vilivyoonekana vimekufa vikachipua, miyombo ikasimama yenyewe bila mtu kuipanda. Kwa hiyo mnapopita kwenye hicho kivuli mkipiga picha, jueni kinachowafunika ni ng'ombe wa watu.

Mwalimu wa Historia

Mzee wa Haubi, shikamoo. Maelezo yako nitayasoma darasani, kwa idhini yako.

Mimi nimekuwa nikipeleka kidato cha kwanza. Jambo ninalowaonyesha kwanza ni rangi mbili. Michoro myekundu imechorwa kwa mistari myembamba, fundi wake alikuwa na mkono mtulivu: twiga, tembo, pofu, watu warefu wenye nywele au mavazi ya kichwani. Hiyo ni ya wawindaji, na ndiyo ya zamani zaidi. Ile myeupe ni minene, inaonekana imepakwa kwa kidole, mingi ni maumbo na alama, na inahusishwa na wakulima wa Kibantu waliokuja baadaye. Mahali pengine nyeupe imepanda juu ya nyekundu. Mtoto akishaliona hilo, historia ya uhamiaji unamfundisha kwa dakika tano.

Naomba niseme pia kuhusu umri, maana kila nikienda nakuta mgeni ameambiwa namba yake. Huyu miaka elfu mbili, yule elfu hamsini. Rangi yenyewe ni vigumu sana kuipima. Kinachopimika vizuri ni vitu vilivyofukiwa chini ya mapango. Kisese, kwenye milima hii hii, palichimbwa 1956 na Ray Inskeep, na shanga za maganda ya mayai ya mbuni zilizopatikana huko zina zaidi ya miaka 40,000. Hizo shanga zinathibitisha kwamba watu waliishi hapo na kujipamba. Hazithibitishi kwamba yule twiga wa Mungomi ana umri huo. Wanafunzi huwa hawapendi jibu hili, ila ndilo.

Na kiongozi akitaka kumwagia maji ukuta ili rangi zing'ae, mkataze kwa adabu. Ni mtindo wa zamani na unaua michoro. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliyeinakili 1951 alikuta mingi imeshaanza kufifia, sisi tusiongeze.

Dereva wa Kaskazini

Mimi ni mtu wa gari. Toka Kolo hadi chini ya mlima ni kama kilomita 9 au 10, njia ya vumbi yenye mchanga wa mto katikati. Gari ndogo usijaribu. Bodaboda zinafika.

Pale juu mtaonyeshwa shimo. Utaambiwa watu walichimba wakitafuta dhahabu ya Wajerumani. Nimeisikia hadithi hii kila mahali ambapo Mjerumani aliwahi kukanyaga, na Kondoa alikanyaga kweli: Aprili 1916, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, yaliuteka mji, Mei Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akajaribu kuurudisha, akashindwa. Sasa niambieni, mtu aliyepigwa akakosa mji, anapata wapi muda wa kupanda Mungomi na masanduku?

Mtu wa Kwa Mtoro

Wakuu, mnaandika "watu wa kale" kana kwamba wameisha. Wasandawe tupo, Kwa Mtoro, Farkwa na huko kwingine wilayani Chemba, na lugha yetu yenye zile sauti za kugonga ulimi tunaongea mpaka leo. Mtafiti Eric ten Raa, aliyeishi kwetu, aliandika mwaka 1971 kwamba kuchora miambani kulikuwa bado kwenye kumbukumbu za wazee wetu. Na wale watu waliopinda miili, wenye vichwa visivyo vya kawaida, watafiti kadhaa wanawahusisha na ngoma yetu ya simbo, ambayo mtu akipandisha anageuka simba.

Nilipopanda Mungomi, kiongozi, kijana mzuri tu, alinieleza hao ni watu waliovaa vinyago. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia bibi yangu alikuwa anaicheza hiyo. Tukakaa pale tukaongea mpaka wageni wengine wakachoka kutusubiri.

Mlinzi wa Kuta

Nitasema lisilopendeza. Nilikuta michirizi ya pombe ukutani, imekauka juu ya michoro, na chini manyoya ya kuku. Tuna urithi wa dunia nzima halafu mtu anaurushia pombe ya mtama! Mahali pengine wangeweka uzio siku nyingi.

Mjukuu wa Bibi

Kaka Mlinzi, uzio ulishawekwa. Kwenye baadhi ya mapango palijengwa vizimba vya waya, na waya ukaondolewa. Jiulize kwa nini.

Mungomi ni mahali pa matambiko ya Warangi, wenyeji wa Kondoa. Mvua ikigoma, ugonjwa ukizidi, wazee wanapanda. Pombe haimwagwi kwa ulevi. Ni sehemu ya maombi yenyewe, kama mchinjo ulivyo. Bibi yangu amekwenda na wenzake mara nyingi, na hajawahi kuniambia habari za michoro. Nilipomuuliza kuhusu twiga alinijibu, "Ipo, ndiyo," kama mtu aliyeulizwa rangi ya mlango wa msikiti. Kwake yeye kinachohusika ni wenyewe waliomo, yaani mizimu.

Basi ninyi mmekuja na tiketi mkalikuta hekalu la watu, mnataka wenye hekalu watoke.

Mlinzi wa Kuta

Dada, sijasema watoke. Nasema pombe ina asidi, na rangi ikishaondoka hairudi. Wajukuu wa huyo bibi nao watakuta ukuta mtupu.

Mwalimu wa Historia

Hapa mmegusa ugomvi wa kweli, na haujaanza leo. Emmanuel Bwasiri, mtafiti wa Kitanzania, ameandika kuhusu Mungomi hiyo hiyo. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vya kushikika: jiwe, jengo, mchoro. Tambiko halina mahali pa kukaa ndani ya sheria hiyo. Ofisa akiifuata kama ilivyo, bibi wa dada yetu anakuwa mharibifu. Lakini UNESCO wenyewe walipoyakubali maeneo haya 2006, mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba matambiko bado yanafanyika. Yaani kinachoonekana kuharibu ndicho kilichosaidia kuyapa hadhi.

Upande wangu? Namwelewa Mlinzi kuhusu rangi. Ila nikilazimishwa kuchagua, sitamfungia bibi mlango.

Mdigo wa Ukunda

Hamjambo nyote, nawasoma kutoka pwani ya Kenya. Sisi tuna kaya za Wamijikenda, misitu iliyokuwa na maboma ya mababu, nazo ziliingia UNESCO 2008. Kaya Kinondo, karibu na Diani, wageni wanaruhusiwa, lakini kwa masharti ya wazee. Unafungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia. Huokoti hata jani. Hakuna kukumbatiana wala kubusiana humo ndani. Ziko sehemu mgeni hafiki, na haulizi mara mbili. Wanaokuongoza ni watu wa pale pale.

Niliwahi kumpeleka mgeni kutoka bara, akalalamika kwamba amelipa na hajaonyeshwa kila kitu. Mzee akamjibu kwamba alicholipia ni kuonyeshwa mpaka.

Mjukuu wa Bibi

Mdigo, hapo umenena. Kwetu mgeni anapanda na kiongozi mwenye kitabu cha risiti, na mzee wa tambiko hana taarifa. Siku wakikutana juu kule, kila mmoja anamwona mwenzake kavamia. Wapange siku. Wapange na sehemu: pombe imwagwe chini penye mawe matupu, kuta zenye picha ziachwe. Bibi nimemuuliza, hakusema hapana. Alisema aulizwe rasmi, na wenye mamlaka, siyo na mimi.

Mzee wa Haubi

Huyo bibi ana akili. Mwaka 1979 hatukuulizwa. Tuliambiwa.

Mama Wawili

Naombeni msaada, nimechelewa kuuona uzi. Nina mtoto wa miaka sita na mama yangu ana magoti mabovu. Tunatoka Dodoma kwenda Babati likizo ya Desemba. Tutaweza?

Mwalimu wa Historia

Mtoto ataweza, watoto wanapanda kuliko sisi. Mama asipande Mungomi, kile kipande cha mwisho ni mawe. Muulizeni kiongozi habari za Pahi, huko michoro myeupe ndiyo inatawala na kutembea ni kidogo. Fenga nako kuna mchoro wa tembo aliyezungukwa na watu, mimi naupenda kuliko yote, ila uacheni kwa safari nyingine. Muanze asubuhi, Dodoma mtoke alfajiri, jua la saa saba pale juu halina huruma. Maji mbebe wenyewe. Kondoa mjini mtapata ugali wa uwele na mlenda, msipitwe.

Dereva wa Kaskazini

Desemba mvua zinakuwa zimeanza, dada. Ule mto wa mchanga ukishuka maji, hata gari la magurudumu manne linasubiri. Mkifika Kolo waulizeni bodaboda waliotoka huko asubuhi hiyo, wao ndio wanajua kama kunapitika.