Mnaopima wasikilizaji wa redio, mnahesabu simu au watu?

Wakuu, leo nina hasira na sitaficha.

Nafanya kazi kwenye redio moja ya mkoani Kigoma. Wiki iliyopita wakala wa matangazo katunyima kazi ya miezi mitatu kwa sababu "hampo kumi bora". Nikauliza, Kigoma wamehojiwa watu wangapi? Kimya. Nikauliza tena, nikajibiwa takwimu ni za kitaifa.

Utafiti wenyewe ni wa meseji: jana ulisikiliza redio gani, saa ngapi? Ukijibu unapewa salio. Sasa nendeni mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, wanaposhushia samaki, asubuhi, akina mama wakianika dagaa. Redio ya sola ni moja, imetundikwa mtini, na wanaoisikiliza wanapita ishirini. Kuna asiye na simu, kuna ambaye simu anayo mume, na mwenye simu hafungui meseji ya namba ngeni, anajua ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wote hao kwenye ripoti ni sifuri! Halafu anayejibu anataja jina lililomkaa kichwani, yaani redio yenye mabango barabarani.

Wakatuambia basi leteni takwimu za mtandaoni. Tukapeleka. Seva, yaani kompyuta inayorusha matangazo mtandaoni, haihesabu watu, inahesabu miunganisho. Mtandao ukikatika mara tatu, msikilizaji mmoja anaweza kusomeka wanne. Simu moja ikiunganishwa na spika ya saluni, watu kumi wanasomeka mmoja. Na wengi wanaotusikiliza huko ni ndugu zetu walio nje ya nchi. Tunawashukuru sana, lakini mwenye duka la bati pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, atawauziaje?

Uingereza wana RAJAR tangu 1992, chombo cha kupima wasikilizaji, cha BBC na redio binafsi kwa pamoja. Mtu wa miaka 15 na kuendelea anajaza shajara ya redio alizosikiliza wiki nzima, robo saa kwa robo saa, na kila kituo kinapimwa kwenye eneo ambalo chenyewe kinalihudumia. Redio ya mji mdogo haishindanishwi na ya London kwa wasikilizaji wa nchi nzima. Sisi tunapimwa Dar, tunafia Kigoma. Mwezi huu watangazaji wawili wameshaondoka, na mmoja ndiye alikuwa anasoma hali ya hewa ya ziwa alfajiri.

Mwenye kujua Kigoma walihojiwa wangapi kwenye utafiti wa mwisho aweke namba hapa. Jumatatu narudi kwa huyo wakala.